Shangazi, macho yangu yanazikataa lenzi na miwani siiwezi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 28, nafanya kazi ya uhasibu. Tangu utotoni sioni mbali. Cheti changu cha miwani kinasoma −9.50 jicho la kulia na −10.50 la kushoto. Nikivua kila kitu, mtu aliyeketi mbele yangu namtambua kwa sauti. Shuleni nilivaa miwani minene hadi wenzangu wakanibandika jina la Chupa, na jina hilo likanifuata mpaka siku ya mwisho. Nilipoanza kupata mshahara, kitu cha kwanza nilichonunua ni lenzi za kuvaa machoni. Shangazi, dunia ilikuwa kubwa kuliko nilivyokuwa nikiiona ndani ya miwani, na niliweza kutupa jicho pembeni bila kugeuza kichwa.

Miaka kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Siku hizi sivyo. Asubuhi nikiweka lenzi macho yananichoma dakika chache, kisha yanatulia. Kuanzia mchana, nikiwa mbele ya kompyuta, nahisi kama nina mchanga machoni. Jioni ni mekundu, kila taa ya barabarani naiona imezungukwa na duara la mwanga, na lenzi ya kushoto inapanda juu kila nikipepesa. Nikizivua ndipo muwasho unapoanza hasa, nasugua mpaka kope zinavimba. Nikiamka nakuta tongotongo la utando kwenye pembe za macho.

Lenzi zangu ni zile za kubadilisha kila mwezi. Naagiza mwenyewe kwa namba hizohizo za miwani, kwa kuwa hicho ndicho cheti nilicho nacho. Navaa tangu alfajiri hadi karibu na kulala, na ndani ya gari nikirudi kazini husinzia nazo. Muuzaji mmoja aliniambia macho yatazoea. Rafiki yangu amenipa kichupa cha matone alichoandikiwa yeye hospitalini, na kweli nikitia macho yanakuwa meupe kwa saa kadhaa. Mama anasema niachane na lenzi kabisa kabla sijapofuka.

Lakini nikiziacha nitavaa nini? Ninayo miwani moja, ya zamani, namba zake zimepitwa. Nikiivaa sakafu inainuka na kichwa kinagonga. Ofisini hakuna anayejua kwamba nina shida ya macho. Mchumba wangu aliniona nimeivaa mara moja tu, bila mimi kutarajia, akasema, "Kumbe macho yako ni madogo hivi?" Yeye alicheka, mimi sikucheka. Tunatarajia kufunga ndoa mwaka huu, na sijui nitaishije chumba kimoja na mtu ambaye mbele yake sithubutu kuvua lenzi mpaka taa izimwe.

Nimeanza kuweka akiba ya upasuaji wa leza ili niondokane na lenzi na miwani pamoja. Rafiki mwingine ananitisha kwamba namba zangu ni kubwa mno. Nivumilie, niache, au nikate shauri la upasuaji?

Ni mimi,
Asiyetaka Kuitwa Chupa

Marahaba, mwanangu.

Nimeirudia barua yako mara kadhaa, na kabla ya lolote nataka ujue kwamba hudeki. Mtu mwenye −9.50 huona wazi mpaka kama sentimita 10 tu kutoka usoni. Zaidi ya hapo kila kitu ni ukungu. Na uliposema lenzi zilikupa dunia kubwa zaidi, hukukosea. Kioo cha miwani chenye nguvu kama yako hupunguza ukubwa wa vitu, na kadiri kinavyokaa mbali na jicho ndivyo kinavyozidi kupunguza. Lenzi iliyo juu ya jicho lenyewe hupunguza kidogo sana, na kwa kuwa inatembea pamoja na jicho, pembeni hapapindi. Anayekwambia "vaa tu miwani, ni yaleyale" hajawahi kuishi nyuma ya vioo vyako.

Maswali yako matatu yote yamesimama juu ya wazo moja, kwamba macho yamezikataa lenzi. Hilo ndilo ningependa tulitazame kwanza, kwa sababu sina hakika kwamba ni kweli. Mambo uliyoyataja hayafanani, na huenda hayana chanzo kimoja.

Chukua huo mchomo wa asubuhi, unaokuja ukiweka lenzi na kutulia baada ya dakika chache. Lenzi laini hunywa maji iliyolala ndani yake usiku kucha, pamoja na vihifadhi vilivyomo, yaani dawa za kuzuia vijidudu, kisha huvitoa polepole juu ya jicho. Wapo watu ambao macho yao hayapatani na vihifadhi hivyo, na wakibadilisha maji ya kuhifadhia, mchomo unaisha huku lenzi ni zilezile.

Mchanga wa mchana una njia nyingine. Tukikodolea kompyuta tunapepesa mara chache, na mara nyingi kope hazifungi mpaka mwisho. Machozi yanakauka, na lenzi laini inakauka nayo. Tena juu ya machozi kuna utando mwembamba wa mafuta unaotoka kwenye tezi ndogo zilizopangwa kwenye kingo za kope. Tezi zikiziba, machozi hukauka upesi hata kwa asiyevaa lenzi. Kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, kikiwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika chache kila siku, huwasaidia wengi.

Lile duara kuzunguka taa ndilo lililonifanya niketi vizuri. Konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho ambayo lenzi hukaa juu yake, haina mishipa ya damu. Hewa yake huipata moja kwa moja kutoka nje kupitia machozi. Sasa, lenzi ya mtu asiyeona mbali ni nyembamba katikati na nene pembeni, na nguvu ikiwa kubwa kama yako ukingo huo huwa mnene zaidi. Ukivaa tangu alfajiri hadi usiku, na kusinzia nazo juu, konea inaweza kukosa hewa ya kutosha ikavimba kidogo. Ikivimba, taa huota duara. Ikiendelea hivyo kwa muda mrefu, vishipa vya damu huanza kutambaa kutoka kwenye weupe wa jicho kuingia penye uangavu. Havina maumivu. Huwezi kuviona kwenye kioo cha bafuni. Vinaonekana kwa darubini ya mtaalamu wa macho.

Kisha kuna muwasho unaozidi baada ya kuvua, lenzi inayopanda juu, na utando wa asubuhi. Haya matatu yakija pamoja, mtaalamu hugeuza kope la juu atazame upande wake wa ndani. Mara nyingi hukuta vipele, kwa sababu kope limechoshwa na uchafu unaoganda juu ya lenzi na msuguano wa kila kupepesa. Hali hiyo hutulia, lakini kwa kawaida haitulii lenzi zikiendelea kuvaliwa vilevile. Na kusugua, ingawa najua unavyotamani, kunaichochea.

Hapo nimetaja mambo manne, na mimi sijakuona jicho. Huenda ni moja tu kati ya hayo, huenda ni mawili yameshikana, huenda duara la taa lina sababu nyingine kabisa. Ninachosema ni kwamba hukumu ya "macho yamekataa" imetoka kabla ya uchunguzi.

Kuna jambo la tano, nalo naliona wazi kwenye barua yako. Namba za miwani na namba za lenzi hazilingani, hasa nguvu ikiwa kubwa. Miwani hukaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lenzi hukaa juu yake, kwa hiyo nguvu inayohitajika hupungua. Kwa hesabu ya kawaida, −9.50 ya miwani inakaribia −8.50 ya lenzi, na −10.50 inakaribia −9.25. Kama umekuwa ukiagiza kwa namba za miwani, macho yako yamekuwa yakijikaza siku nzima kusoma tarakimu kwenye kompyuta kupitia lenzi zilizozidi nguvu. Cheti cha lenzi pia hueleza mkunjo wa lenzi na upana wake, vitu ambavyo cheti cha miwani hakina. Lenzi isiyoendana na umbo la jicho inaweza kubana au kuteleza. Usizirekebishe namba mwenyewe kwa hesabu yangu. Iwe sababu ya kuomba upimwe upya kwa ajili ya lenzi.

Sasa hicho kichupa cha rafiki yako. Hapa nitakushika mkono kwa nguvu, mwanangu: kiache leo. Matone yanayoondoa wekundu haraka mara nyingi huwa ya aina mbili. Kuna yanayobana mishipa ya damu tu, ambayo yakiisha nguvu wekundu hurudi, wakati mwingine kwa kuzidi. Na kuna yenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Soma lebo, ukiona deksamethasoni au prednisoloni ujue ni hayo. Daktari wa macho huyatumia na yanaponya, lakini akiwa ameshalitazama jicho. Bila uchunguzi yanaweza kuficha maambukizi huku yakiyapa nafasi ya kula konea, na yakitumika kwa muda yanaweza kupandisha presha ya macho. Mtu mwenye namba kama zako tayari yuko katika kundi lenye hatari kubwa zaidi ya presha hiyo. Rafiki yako alikupa kwa upendo. Mshukuru, umrudishie. Na ukifika kwa daktari mwambie umeyatumia kwa muda gani, kwa sababu atataka kupima presha.

Nisiendelee bila kusema hili. Jicho likiuma hasa, likiwa jekundu bila kutulia baada ya kuvua lenzi, likichukia mwanga, likitoa usaha, uoni ukishuka, au ukiona doa jeupe kwenye konea, vua lenzi na uende siku hiyohiyo, hata kama ni usiku au sikukuu. Maambukizi ya konea yanaweza kuacha kovu kwa muda mfupi sana. Lenzi usiitupe, iweke kwenye kikasha chake uende nayo, wanaweza kuipima vijidudu. Kulala na lenzi ndiko kunakoongeza hatari hiyo kuliko karibu kila kitu kingine, na kusinzia garini ni kulala. Maji ya bomba nayo, hata yawe safi kwa kunywa, yanaweza kubeba kijidudu kiitwacho akantamiba ambacho kikiingia kwenye konea huponyeshwa kwa miezi mingi ya tabu. Mikono ioshwe na ikaushwe kabisa, lenzi zivuliwe kabla ya kuoga au kuogelea, maji ya jana ya kikasha yamwagwe yote badala ya kujazia mapya juu yake.

Nije kwenye jambo lililonigusa zaidi, ambalo wewe umelipitia kwa haraka. Huna miwani unayoweza kuvaa. Kila kukicha, jicho likiwa zima au likiwa linalia, huna budi kuweka lenzi, kwa sababu bila hiyo huwezi kufika kazini. Jicho lako halina ruhusa ya kuugua. Ungekuwa na miwani nzuri mezani, jioni ile ya kwanza ya duara la taa ungevua ukapumzika, na labda barua hii usingeiandika. Umeiweka miwani kama adui wa lenzi. Kwa mtu mwenye namba zako, mimi naona miwani ndiyo inayomwezesha kuvaa lenzi kwa usalama kwa miaka mingi.

Na vioo vya siku hizi si vile ulivyovaa shuleni. Plastiki ya kawaida ina kipimo cha kupinda mwanga cha 1.50, vipo vioo vya 1.67 na 1.74, vyembamba zaidi kwa nguvu ileile. Fremu ina kazi kubwa pia. Kwa kuwa unene uko pembeni, fremu ndogo inayokaa hivi kwamba jicho liko katikati ya kioo hukata sehemu iliyo nene zaidi, ilhali fremu pana huionyesha yote. Omba na utando wa kuzuia mng'ao, ule unaopunguza miviringo kwenye kioo ambayo watu huitazama badala ya macho yako. Sitakudanganya kwamba macho hayataonekana madogo hata kidogo. Yataonekana, hata kioo kikiwa chembamba. Sakafu nayo itainuka siku za mwanzo, kwa sababu ubongo umezoea lenzi; kwa wengi hutulia baada ya wiki moja au mbili wakivaa mara kwa mara. Ianze nyumbani, si kwenye ngazi.

Mchumba wako alisema neno moja na wewe umelibeba peke yako tangu siku ile. Sijui alimaanisha nini. Anaweza kuwa alishangaa tu, kama mtu yeyote angeshangaa. Anaweza kuwa na mdomo usiopima maneno, na hilo ni vyema ulijue kabla ya ndoa kuliko baada yake. Lakini yeye hajui kwamba kuna msichana aliyeitwa Chupa, hujamwambia. Amemcheka mtu asiyemjua. Ukimwambia kuna hatari, naelewa: anaweza kulichukua kwa wepesi, nawe ukaumia mara ya pili. Usipomwambia, utakuwa ukisubiri taa izimwe kila usiku, na siku utakayosinzia kabla yake utalala na lenzi. Ukiona moyo uko tayari, mwambie mchana, mkiwa mmetulia, miwani ikiwa mkononi mwako au usoni. Anza na habari za shule.

Kuhusu kubaki na lenzi, milango iko kadhaa, na nisingependa uifunge wala uifungue yote leo. Karibu kila mtaalamu atakuomba upumzike kwanza bila lenzi mpaka konea na kope vitulie, na hapo ndipo miwani inapohitajika. Baada ya hapo mnaweza kuzungumzia lenzi za siku moja, unazovaa asubuhi na kutupa usiku: hakuna uchafu wa jana, hakuna maji ya kuhifadhia. Zipo za nguvu kubwa, nyingi zikifika −10 na nyingine kupita hapo, kwa hiyo namba zako zikishabadilishwa kuwa za lenzi huenda zinapatikana. Kwa mwaka hugharimu zaidi kuliko za mwezi, na hilo hufanya wengine wazivae mara mbili, jambo linaloua faida yote. Zipo za silikoni haidrojeli, aina ya plastiki laini, zinazopitisha hewa mara nyingi zaidi kuliko lenzi laini za zamani. Kwa konea yako hilo ni jambo kubwa, ingawa si kila jicho linazipenda. Ukibaki na za mwezi, unaweza kuuliza kuhusu kusafishia kwa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, isiyo na vihifadhi. Hiyo lazima ikae kwenye kikasha chake maalumu kwa muda ulioandikwa, kwa kawaida si chini ya saa 6, mpaka iishe ukali. Ikiingia machoni kabla ya hapo inachoma vibaya mno. Na kuna lenzi ngumu zinazopitisha hewa, ambazo huleta uoni mkali sana kwa namba kubwa, lakini wiki za mwanzo unazihisi kila ukipepesa, na vumbi likiingia chini yake utasimama njiani.

Akiba yako ya leza iendelee kukua, lakini moyo usiitegemee peke yake. Leza huchonga konea, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kinachochongwa kinavyoongezeka. Kwa namba kama zako wapo wanaokubaliwa na wapo wanaoambiwa hapana, kutegemea unene na umbo la konea. Ukavu wa macho pia ni malalamiko ya kawaida baada yake, nawe tayari una mchanga. Wanaokataliwa wakati mwingine huelezwa kuhusu lenzi ndogo inayopandikizwa ndani ya jicho, mbele ya lenzi ya asili. Inafaa namba kubwa na inaweza kutolewa, ila ni upasuaji wa ndani ya jicho, wenye hatari zake: maambukizi, presha, mtoto wa jicho. Na jicho lisiloona mbali kiasi hiki kwa kawaida limerefuka, na hakuna upasuaji kati ya hizi unaolifupisha. Retina yako, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, itabaki imevutika vilevile hata ukiona bila kitu usoni, kwa hiyo hitaji la kuchunguzwa sehemu ya nyuma ya jicho haliishi. Ukiona vimulimuli vya ghafla, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, au kama pazia linashuka upande mmoja, hiyo nayo ni safari ya siku hiyohiyo.

Mama naye usimwone mpinzani. Hofu yake ya upofu ameichukua mahali, na sehemu yake ni ya kweli. Ukimwambia umepimwa, na umeambiwa nini, mtazungumza vizuri zaidi kuliko sasa.

Ukienda kupimwa, nenda na kila kitu: lenzi unazovaa na pakiti zake, kikasha, chupa ya maji ya kusafishia, matone ya rafiki, miwani ya zamani na cheti. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, kipi huja asubuhi, kipi mchana, kipi baada ya kuvua. Mpangilio huo una maana kwao. Omba wageuze kope la juu. Uliza kama kuna vishipa kwenye konea, na kama vipo, vimefika wapi. Na ukitaka wakupime kwa ajili ya leza, uliza mapema lenzi ziwe nje kwa muda gani kabla ya vipimo, kwani huweza kubadilisha umbo la konea, na wengi hutaka wiki moja au zaidi.

Niandikie ukishapata majibu, na unieleze mchumba alisema nini.

Shangazi yako